Ndama wa Mtoni

Miaka minne nilikata minofu ya sangara Mwanza, na sikuwahi kuonja hata kipande. Kiwandani unavaa mabuti meupe ya mpira na kofia ya nailoni, unasimama mezani tangu alfajiri, samaki wanakuja mfululizo. Kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinateleza juu ya uti wa mgongo hadi mkiani, unageuza, upande wa pili. Mnofu uliwekwa kwenye barafu, ukapanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, vilitokea mlango wa nyuma, vikakaangwa mtaani, na hivyo ndivyo tulivyokula sisi. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, kwa hofu ya wavuvi waliokuwa wakivua kwa sumu, tukapunguzwa kazi. Nilitoka na kisu kimoja. Nilikipataje, tuliache hilo.

Kukaanga mnofu nilijifunzia Juba. Niliingia 2007, miaka miwili baada ya mkataba wa amani wa Sudan, kwa lori kupitia mpaka wa Nimule. Lami ya barabara ile ilikamilika 2012. Sisi tulikula vumbi. Kichwani nilikuwa na mpango wa kuwafundisha watu wa huku kula sangara. Siku ya pili nikaenda soko la Konyo Konyo, nikamkuta amelazwa juu ya gunia bichi, mnene kuliko wengi niliowakata kiwandani.

"Mama, huyu katoka Ziwa Victoria?"

Muuzaji akacheka mpaka akashika kiuno, akanyoosha kidole upande wa mto. "Ijil," akasema. Ni Kiarabu, maana yake ndama.

Nilijiona mjinga, na sababu nilikuja kuielewa baadaye. Sangara ni mwenyeji wa Nile tangu enzi. Kule Esna, Misri ya juu, watu wa kale walimheshimu kiasi cha kumkausha na kumzika kama walivyozika wakubwa wao, na Wagiriki wakauita mji ule Latopolis, mji wa samaki huyo. Huku juu aliishia Ziwa Albert. Maporomoko ya Murchison, yenye kimo cha mita 40 na ushei, yalimzuia kupanda zaidi. Victoria hakuwamo mpaka miaka ya 1950, alipochukuliwa Albert akamwagwa kwetu ili ziwa litoe samaki wakubwa wa kuuza. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali, na furu, wale wadogo ambao bibi yangu aliwaanika juani, wakatoweka aina kwa aina. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Mwanza, nilikuja kumwonyesha mwenye nyumba mgeni aliyefika kwetu juzi.

Hata Kiswahili changu hakikuwa cha kwanza hapa. Ng'ambo ya mto, upande wa Gondokoro, Februari 1863 wavumbuzi wa Kiingereza Speke na Grant waliibuka kutoka kusini wakamkuta mwenzao Samuel Baker. Msafara wao ulikuwa umeanzia Zanzibar, na ndani yake walikuwamo Sidi Bombay, kiongozi wa wapagazi, na wenzake wa pwani. Kwa njaa ya safari ile, sidhani walimpita mvuvi bila kuuliza bei.

Kilichokuwa kigeni Juba ni mnofu. Wenyeji walimkausha samaki wakampika kajaik, mchuzi mzito wa kula na asida, ugali wa huku, au walimkatakata vipande na mifupa yake, wakampaka unga na kumtosa kwenye mafuta mengi, mtindo ule wa soko la samaki la Mawrada kule Omdurman, Sudan. Walioanza kuulizia samaki asiye na mfupa ni wafanyakazi wa mashirika, waliokuwa wakilala kwenye mahema na makontena kando ya mto. Halafu wakaja vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wanaagiza kwa Kiswahili cha haraka haraka: "Mama, nipe ile haina mifupa." Ile! Nikakitoa kisu.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa bingwa wa kukata, si wa kupika. Nilitia mnofu mzito kama ulivyotoka, umelowa, kwenye kikaango ambacho hakijashika moto. Ukatoa maji, ukachemka badala ya kukaangika, ukanata chini, ukakatika. Sasa naukata mshazari, unene wa kidole, na utepe mwekundu wa katikati nauondoa kwa sababu ndio wenye shombo. Naufuta kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kikatae. Chumvi, pilipili manga, unga wa ngano wa kupita tu, unaukung'uta. Mafuta yakitetemeka unaulaza, halafu mikono nyuma! Usiuguse. Kingo zikiwa nyeupe na weupe ukipanda hadi nusu, sukuma kidogo. Ukiachia wenyewe, geuza. Upande wa pili hauchukui hata dakika mbili. Ndimu inakamuliwa mezani, na shata, pilipili kali, pembeni. Mkaa wa jiko moja unatosha watu kumi.

Juma la kwanza nilimwachia yule mama wa Konyo Konyo kichwa na mifupa, nikidhani namfanyia hisani. Wateja wangu wa Kibari wakaniuliza, kwa upole wenye lawama ndani, ras, yaani kichwa, iko wapi? Tangu hapo nanunua samaki mzima. Kikaango kiko jiko la mbele, kwa wenye haraka. Jiko la nyuma kuna sufuria ya kichwa, nyanya na karanga za kusaga, na kila siku ndiyo inayoisha kwanza.