Nusu Mzunguko wa Mwisho

Plagi ya kawaida ya gari la petroli ina nyuzi zenye kipenyo cha milimita 14. Ikiwa mpya, fundi huiingiza kwa vidole mpaka igome, kisha huiongezea kwa spana nusu mzunguko, au zaidi kidogo, ili washa yake ilale na kuziba. Kwa wenye spana ya kipimo, hiyo ni kama nyutoni-mita 25 hadi 30. Hedi ya chuma humvumilia fundi anayezidisha kidogo. Hedi ya aluminiamu haina uvumilivu huo: nyuzi hung'oka, mgandamizo huvuja, na siku moja plagi huruka kama kizibo cha chupa.

Historia ya magari Tanzania huandikwa kwa idadi ya magari yaliyoingizwa, urefu wa barabara na bei ya mafuta. Tundu la plagi nalo ni kumbukumbu, na Dodoma ni mahali pazuri pa kuisoma.

Mashine za kwanza kufika kwa wingi mkubwa katika uwanda huu zilikuja na Mradi wa Karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori la Kongwa, mashariki mwa Dodoma, wakiota ekari zaidi ya milioni 3 za karanga. Matrekta na matingatinga mengi yalikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili, mengine yakinunuliwa Ufilipino. Injini kubwa za matingatinga ya Caterpillar ya enzi hizo zilikuwa za dizeli, zisizo na plagi, lakini ziliwashwa na kiinjini cha petroli cha silinda mbili kilichofungwa ubavuni. Plagi mbili zikigoma, mtambo wa tani nyingi ulilala porini. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji, mizizi yake haing'oki kirahisi, na mvua haikufuata ratiba ya London. Mradi ulifutwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda. Dawa ya kila kikwazo pale ilikuwa kuongeza nguvu.

Mashine za kizazi hicho ziliruhusu tabia hiyo. Lori la Bedford la petroli lilikuwa na hedi ya chuma, na Land Rover ya petroli ya lita 2.25, iliyotoka mwaka 1958, vivyo hivyo. Mkono uliojifunza kwenye chuma ulijifunza kwamba kukaza sana ni kukaza vizuri.

Aluminiamu iliingia kwa sifa. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalitawaliwa miaka ya mwanzo na Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe, ambayo hedi zake ni za aluminiamu. Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mbili kati ya hizo dereva akiwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Hedi ya Peugeot nayo ni ya aluminiamu, na plagi zake zimezama ndani ya mashimo marefu katikati ya mfuniko wa juu. Madini hayo ni mepesi na hupoza haraka, ndiyo maana wahandisi waliyapenda. Lakini ni laini, na yakipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mwongozo wa gari huyasema haya kwa sentensi moja: toa plagi injini ikiwa imepoa. Abiria aliyekwama njiani Manyoni, jua likiwa utosini, hasubiri injini ipoe. Na vumbi la kiangazi cha Dodoma, kinachodumu zaidi ya nusu mwaka, hujaa katika mashimo yale. Asiyepuliza kwanza huliingiza ndani ya silinda au kulisaga kwenye nyuzi.

Kisha ikaja njaa ya vipuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vikafuata, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikakauka. Serikali ilikuwa imeamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, mji ulio kilomita kama 450 kutoka bandarini. Katika miaka hiyo plagi haikutupwa. Ilitolewa, ikasuguliwa kwa brashi ya waya, ikapimwa upya mwanya wake, ikarudishwa. Washa iliyokwisha kulala hailali tena. Plagi iliyotumika inahitaji kukazwa kidogo sana baada ya kugusa. Anayeipa tena nusu mzunguko ule wa plagi mpya anavuta nyuzi. Nyuzi za aluminiamu basi huchoka kwa hesabu ya mara zilizofunguliwa, na hesabu hiyo iliongezwa na duka tupu kabla haijaongezwa na mkono wa mtu.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na baada ya Mwinyi kushika urais mwaka 1985 milango ikafunguka zaidi. Magari yaliyotumika Japani yakafuata. Leo IST na Probox zina injini ambazo hedi na bloku zote ni aluminiamu, na pikipiki ya bodaboda nayo ina hedi ya aluminiamu. Hatari imegeuka sura: plagi za iridiamu hutajwa kudumu hadi kilomita 100,000, hivyo hukaa miaka bila kuguswa, zikashikana na hedi. Siku ya kuzitoa, nyuzi hutoka nazo.

Anayelaumiwa ni yuleyule, fundi wa gereji bubu, gereji isiyo na kibao wala leseni, chini ya mwarobaini. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amezichukulia gereji za Tanzania kama mahali pa maarifa ya kweli. Plagi inamuunga mkono. Fundi mzuri asiye na spana ya kipimo hupuliza shimo, husubiri injini ipoe, hurudisha plagi nyuma kidogo mpaka asikie nyuzi zikikaa, kisha huizungusha mbele kwa mpira mwembamba uliovikwa kichwani mwa plagi. Mpira huo ukikutana na nyuzi zilizopishana huteleza. Spana ndefu ingeendelea kukata.

Hedi iliyokwisha kuharibika bado ina njia mbili. Tundu hutanuliwa, likapigwa nyuzi mpya na kuwekewa waya wa chuma cha pua uliosokotwa kama springi, na baada ya hapo plagi hushika nyuzi za chuma. Au hedi huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikayeyushwa na kumiminwa kuwa sufuria. Yapo majiko ambamo wali huiva ndani ya nusu mzunguko uliozidi, na aliyeuzidisha huenda alikuwa akikaza tu plagi ambayo nchi haikuwa na nyingine ya kumpa.