Sauti ya chini: gitare ya besi katika muziki wetu

Watu wanapozungumuza juu ya muziki wa Congo, wanataja kwanza waimbaji, kisha wapiga-solo. Mupiga-besi anabaki nyuma, karibu na ampli, na jina lake linapotea. Hata kwenye sahani za zamani, ile karatasi ya katikati ilionyesha jina la orkestra na la mutunzi wa wimbo. Yule aliyeshika besi mara nyingi hakuandikwa. Lakini ondoa besi katika rumba, utaona: waimbaji wanaimba bado, solo inalia bado, na miguu ya wachezaji haijui tena pa kukanyaga.

Katika insha hii tutaeleza mambo matatu: sauti ya chini ilikuwa wapi mbele ya umeme; gitare za besi zinaachana namna gani, kwa sikio na kwa mukono; na kwa nini jambo hili lina nafasi katika kitabu cha desturi. Tunaandika «besi», sababu neno la Kifaransa likiandikwa jinsi tunavyolitamka lingechanganyika na lile «basi» la kumalizia maneno.

1. Mbele ya umeme

Kuna watu wanaosema besi ni kitu cha Wazungu. Chombo chenyewe, ndiyo. Lakini kazi yake ilikuwapo kwetu zamani sana. Lokole ya watu wa mutoni, upande wa Kisangani, iko na sauti mbili, ya juu na ya chini, na ni kwa kupishanisha zile mbili ndipo inasema maneno. Mutu akiondoa ya chini, habari haifiki kijiji cha pili. Likembe nayo ina vyuma vifupi vya sauti nyembamba na vyuma virefu vya sauti nene. Katika vikundi vya maringa vya wakati wa ukoloni, likembe na chupa zilisindikizwa na patenge, ngoma ndogo ya fremu. Mupigaji aliikandamiza kwa kisigino ili kubadilisha sauti yake. Ile patenge ilifanya kazi ya besi kabla besi haijafika.

Kwetu Katanga sauti ya chini ilikaa katika kidole gumba. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga gitare ya mbao kwa vidole viwili tu: gumba na kidole cha pili. Kidole cha pili kilisuka wimbo juu, gumba kilitembea chini bila kupotea. Musikilizaji asiyemwona angeapa kwamba wako watu wawili. Edouard Masengo na Losta Abelo nao walitembea katika njia hiyo, tena waliimba kwa Kiswahili, luga yetu. Kwa hiyo mutoto wa Katanga anayeshika besi leo asifikiri kwamba anaanzia sufuri. Gumba la wazee lilimutangulia.

2. Kontrabasi, kisha umeme

Kule Ulaya na Marekani kazi ya chini ilifanywa na kontrabasi, chombo kikubwa kinachosimama kama mutu muzima, chenye nyuzi za urefu wa zaidi ya metre moja. Sauti yake ni ya joto, lakini ni nzito kubeba, na katika orkestra yenye tarumbeta na ngoma haisikiki vizuri. Tena shingo yake haina vyuma vya kugawa noti: kidole kikikosea kidogo, noti inapotoka.

Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza besi ya umeme yenye vyuma shingoni tangu miaka ya 1930, lakini haikuenea. Mwaka 1951 Leo Fender, huko California, akatoa Precision Bass. Jina lile linaeleza nia yake: kwa vile shingo ina vyuma, noti inatoka sawasawa, na mupiga-gitare wa kawaida anaweza kuishika bila kusoma upya. Nyuzi ni nne, mi, la, re na sol, sawa na kontrabasi. Mi ya chini inatikisika karibu mara 41 kwa sekunde. Mi ya chini ya gitare ya kawaida inatikisika mara 82, yaani maradufu.

Wakati huohuo Léopoldville ilikuwa inachemka. Kampuni ya Ngoma ilianza mwaka 1948, kisha zikafuata Opika na Loningisa. Mwaka 1953 Mubelgiji Bill Alexandre alifika na gitare ya umeme, na vijana wa studio wakajifunza kwake. Mwaka uleule Joseph Kabasele alianzisha African Jazz, na mwaka 1956 OK Jazz ikazaliwa. Mwanzoni mwa 1960 Kabasele na wenzake walikwenda Bruxelles wakati wa Table Ronde, na huko wakarekodi «Indépendance Cha Cha». Katika kikundi kile, Brazzos wa OK Jazz ndiye alishika besi. Inchi nzima ilikariri majina ya wanasiasa wanaotajwa katika wimbo. Ni wangapi waliowahi kuuliza nani alikuwa akikanyaga chini?

3. Kwa sikio na kwa mukono

Sasa tulinganishe. Besi mbili zilizopigwa na mutu mumoja hazitoi sauti moja, na sababu zake zinaelezeka.

Ya kwanza ni urefu wa uzi. Precision ina uzi wa karibu santimetre 86. Besi fupi, kama Höfner 500/1 ya Ujerumani yenye umbo la violini, ile Paul McCartney alinunua Hamburg mwaka 1961, ina karibu santimetre 76. Uzi murefu unavutwa kwa nguvu zaidi ili kufika noti ileile. Kwa hiyo sauti yake imekaza na inaonyesha mwanzo wa noti wazi. Uzi mufupi umelegea: sauti ni mviringo, laini, na vidole vya mutu mwenye mukono mudogo havichoki. Höfner ile, tena, iko wazi ndani kama gitare ya mbao. Noti inavuma kisha inakufa haraka. Precision ni mbao nzima, na noti yake inadumu.

Ya pili ni upana wa shingo. Mwaka 1960 Fender ilitoa Jazz Bass. Pale juu, nyuzi zinapoanzia, shingo yake ina karibu milimetre 38, wakati Precision ya kawaida ina karibu 44. Ni milimetre sita tu, lakini mukono wa kushoto unazijua mara moja. Shingo nyembamba inaita mikimbio. Shingo pana inamwambia mupigaji: tulia, kaa kwenye noti yako.

Ya tatu ni mikro. Mikro ya gitare ni sumaku iliyozungushiwa uzi mwembamba wa shaba mara elfu nyingi. Sisi wa Katanga shaba tunaijua. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mudogo unazaliwa katika shaba na unakimbia mpaka ampli. Mikro iliyo karibu na shingo inasikia mutikisiko mupana, sauti nene; ile iliyo karibu na daraja inasikia sauti kavu yenye makali. Precision ina mikro ya sehemu mbili pahali pamoja, katikati: sauti yake ni moja, lakini imejaa. Jazz Bass ina mikro mbili, na mupigaji anachanganya zile sauti kama mama anavyopima chumvi. Tangu 1976, Music Man StingRay ilionyesha njia nyingine: pile ndani ya gitare yenyewe, yenye kutia nguvu sauti kabla haijafika ampli. Sauti inatoka safi na kali. Lakini pile ikiisha katikati ya matanga au ndoa, besi inakohoa kisha inanyamaza. Besi isiyo na pile haina hatari hiyo, na katika miji yetu hilo si jambo dogo.

Ya ine ni nyuzi. Nyuzi zilizosokotwa kwa utepe bapa ni laini chini ya kidole, na sauti yake ni ya giza, fupi, karibu na kontrabasi. Nyuzi zilizosokotwa kwa waya muviringo zinang'ara na zinakwaruza. James Jamerson, aliyepiga katika studio ya Motown huko Detroit, alitumia Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa, na alipiga kwa kidole kimoja tu cha mukono wa kuume. Hakupenda kubadilisha nyuzi. Kwetu pia nyuzi zinakaa miaka, lakini kwa sababu ya bei. Vijana wanazichemsha katika maji ili uchafu utoke na sauti iamuke. Wengine walianza na gitare ya kujitengenezea, yenye nyuzi za breki ya kinga.

Ya tano inashinda zote: kidole. Nyama ya kidole inatoa noti pana. Mediatori inatoa noti yenye pembe. Gumba likipigwa kwa nguvu juu ya uzi, kama Larry Graham alivyofanya huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, besi inageuka karibu ngoma. Mupe mupigaji mumoja besi tatu, bado utamutambua. Wape watu watatu besi moja, utasikia besi tatu.

4. Rumba na sebene

Katika sehemu ya pole ya rumba, besi haisemi mengi. Inatoa noti ya musingi, inapanda kwenye ya tano au ya nane, kisha inaacha nafasi. Ile nafasi ndiyo siri. Mugeni anataka kuijaza. Mupigaji wetu anaiacha, na kiuno cha muchezaji kinaingia pale. Kwa kazi hiyo sauti nene na fupi inafaa kuliko sauti ya kung'ara, sababu noti ikidumu mno inakula kimya cha jirani yake. Wapenzi wa TPOK Jazz wanaweza kumusikiliza Mpudi Decca kwa sikio hilo.

Sebene ni habari nyingine. Zaïko Langa Langa, iliyozaliwa tarehe 24 Desemba 1969, iliacha tarumbeta na saksofoni. Nafasi iliyobaki wazi ilichukuliwa na gitare na ngoma, na besi ya Bapius ikapata uwanja. Katika sebene besi inaruka, inashikana na ngoma ya muguu, noti zinakuwa fupi na zinauliza-ulizana na solo. Hapa makali kidogo yanahitajika, la sivyo besi inazama katika kelele.

Tusisahau Konono No. 1, kikundi kilichoanzishwa na Mingiedi Mawangu katika miaka ya 1960. Walitia likembe umeme, kwa mikro walizotengeneza wenyewe kwa sumaku za vyuma vya magari ya zamani, na likembe moja ilishika kazi ya besi. Sahani yao «Congotronics» ilitoka mwaka 2004 na dunia ikashangaa. Sauti yao inakwaruza, ampli inalia. Lakini sikiliza chini: ni mwendo wa wazee.

5. Je, ni desturi?

Mwaka 1971 inchi iliitwa Zaïre, na mwaka uliofuata watu waliacha majina ya ubatizo. Rochereau akawa Tabu Ley. Kravati ilikatazwa. Lakini hakuna aliyeiambia gitare ya besi irudi kwao. Hata wenye kuhubiri mambo ya asili walijua kwamba ile mbao ya California ilikuwa imekwisha kujifunza luga yetu. Desturi haitambulikani kwa kiwanda kilichotengeneza chombo. Inatambulikana kwa mwendo ambao watu wanaupokezana.

Na hapo ndipo hatari iko. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo, ya inchi zote mbili, katika orodha ya urithi wa binadamu. Tulifurahi, na ni haki. Lakini orodha haipigi besi. Katika vikundi vingi vya mitaa na vya makanisa, sauti ya chini inafanywa sasa na mukono wa kushoto wa mupiga-sinteze. Noti zinatoka sawa, bei ni ndogo, hakuna nyuzi za kununua. Kile kinachokosa ni lile gumba: kuchelewa kidogo kwa makusudi, kuzima noti kwa kiganja, kuacha nafasi. Mambo hayo hayakuandikwa katika kitabu chochote cha solfège. Yalipita kutoka mukono hadi mukono, na wenye mikono ile wanazeeka.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili mepesi. Walimu wenzangu, siku moja wekeni rumba darasani na kuwaagiza wanafunzi wafuate besi peke yake, toka mwanzo mpaka mwisho, wakigonga meza pale inaponyamaza. Watajifunza juu ya kipimo na kimya kuliko kwa maelezo ya saa nzima. Na wewe musomaji, katika mutaa wako yuko muzee aliyepiga besi katika orkestra fulani, yenye jina kubwa au isiyo na jina. Mwendee. Mwulize alipiga besi gani, yenye nyuzi gani, kwa kidole gani, na nani alimufundisha. Andika jina lake lote, kisha mupe gitare, hata ya kuazima, na kijana mumoja akae karibu aangalie lile gumba.