Malaika kwa Sauti Mbili

Kwenye harusi yake hapa Ikungi, dada yangu alimpokonya mshereheshaji kipaza sauti akaimba Malaika pamoja na mumewe. Watu wakacheka. Wimbo ule ni kilio cha kijana asiye na mali ya kuolea. Sasa anayeliliwa naye analia nini?

Hakuwa wa kwanza. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilio cha mwanamume. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba pamoja, katika albamu iliyotwaa Grammy mwaka uliofuata. Hapo, kwa masikio yangu, ndipo wimbo ulipogeuka: ukata ukawa wa wawili. Boney M. wakaufanya disko mwaka 1981 (huo siumalizi). Angélique Kidjo akaurudia mwaka 1991.

Na mtunzi? Fadhili alisema ni wake. Wengine humtaja Adam Salim, Mtanganyika aliyeishi Nairobi miaka ya 1940. Wimbo wa kukosa fedha ukaacha ugomvi wa mirabaha.

Dada alisubiri miaka mitatu ng'ombe wa mahari yake watimie. Alipofika kwenye ubeti wa fedha, shangazi zetu waliacha kucheka.