Rwagasore: Nasaba na Watu

Hapa Kizuka, tunapofundisha maana ya neno “nasaba”, hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne na Thérèse Kanyonga. Alikuwa Mganwa, yaani mtu wa damu ya kifalme, wa tawi la Wabezi.

Hakuridhika na heshima ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, akashikamana na Waswahili wa Usumbura, watu waliodharauliwa na wakubwa wa kikoloni. Mnamo Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64.

Tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa Waziri Mkuu, aliuawa kwa risasi na Mgiriki, Jean Kageorgis. Miongoni mwa walionyongwa Gitega Januari 1963 kwa njama hiyo walikuwamo ndugu wawili, Ntidendereza na Biroli: nao Waganwa, wa tawi la Wabatare.

Mabinti wawili aliozaa na mkewe, Marie-Rose Ntamikevyo, walifariki wakiwa wachanga. Ndugu yake kwa baba, Ntare wa Tano, alimpindua baba yao mwaka 1966, naye akauawa mwaka 1972.

Basi damu ya kifalme haikumkinga, wala haikumwachia mrithi. Wahenga walinena: mtu ni watu. Jina lake lilihifadhiwa na wale aliowachagua kuwa watu wake.