Waraka Uliojivika Jina la Paulo

Hapa Skuta, karibu na Nyeri, barua ikisomwa barazani bila sahihi wala mhuri, wazee huuliza imetoka kwa nani. Swali hilo, ewe msomaji, ni la kale sana. Waraka wa Pili kwa Wathesalonike unaonya juu ya barua zisizotoka kwa Mtume Paulo, tena unataja salamu alizoziandika kwa mkono wake mwenyewe. (Ajabu ni kwamba wako wataalamu wanaoushuku hata waraka huo!)

Sasa sikiliza kisa tulichoachiwa na Mwafrika. Yapata mwaka 200, Tertullian wa Kartago, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia, aliandika kitabu juu ya ubatizo. Humo alieleza kwamba kasisi mmoja wa Asia, yaani upande wa magharibi wa Uturuki ya leo, alitunga maandiko akayavika jina la Paulo. Kasisi yule alipobanwa alikiri, akajitetea kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo. Upendo huo haukumwokoa. Alipoteza cheo chake.

Maandiko yenyewe husimulia habari za Thekla, msichana wa Ikonio aliyemfuata Paulo. Alipotupiwa wanyama wakali, alijitosa majini akajibatiza mwenyewe. Wako waliomtaja Thekla ili kutetea haki ya wanawake kufundisha na kubatiza, na Tertullian hakutaka wanawake wabatize. Basi yeye aliyefichua uongo alikuwa na lake moyoni. Lakini usifanye haraka kusema alizua. Ushahidi hupimwa kwa mizani yake, hata ukiletwa na mwenye kesi.

Mwaka 1904 ilichapishwa nakala ya Kikopti ya Matendo hayo ya Paulo, na ndani yake mlikuwamo waraka uitwao wa Tatu kwa Wakorintho. Humo "Paulo" anawajibu walimu wanaokana ufufuo wa mwili na kusema kwamba mwanadamu hakuumbwa na Mungu. Hayo ni mabishano yaliyopamba moto katika karne ya pili, Paulo akiwa amekwisha kufa zamani. Ndiyo maana wanahistoria hukataa kwamba ni wake. Hata hivyo Ephrem Msiria, aliyefariki mwaka 373, aliufafanua pamoja na nyaraka nyingine za Paulo, na Waarmenia waliendelea kuunakili katika Biblia zao kwa karne nyingi.