Anajulikana na Wote, Analipiwa na Nani? Superman Mlangoni mwa Sinema, 1938–2025

Tarehe 28 Juni 2006 kampuni ya Warner Bros. ilimrudisha Superman kwenye kumbi za sinema za Marekani baada ya miaka 19 ya kutoonekana huko. Filamu hiyo, Superman Returns, ilitengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 200. Siku tisa baadaye ikaingia filamu ya pili ya Pirates of the Caribbean, ambayo steringi wake, Jack Sparrow, alikuwa hajasikika popote kabla ya mwaka 2003. Hesabu zilipofungwa, Superman alikuwa amekusanya takriban dola milioni 391 duniani kote, na maharamia walikuwa wamepita bilioni moja. Mlevi wa baharini aliyezaliwa juzi alimwacha mbali shujaa ambaye dunia ilikuwa ikimjua kwa miaka 68.

Wenye studio hupenda kuamini kwamba jina kubwa ni nusu ya mauzo. Ukiyafuatilia mapato ya mashujaa hawa tangu enzi za majarida ya katuni hadi leo, unaona jambo jingine. Umaarufu wa Superman ulijengwa na vitu vya bure au vya senti chache, na kadiri ulivyoenea ndivyo sababu ya kumlipia ilivyopungua. Tiketi hununuliwa kwa hamu, na hamu haipimwi kwa idadi ya watu wanaolitambua jina. Aliyekwisha kushiba hanunui sahani ya pili, hata kama anamsifu mpishi.

Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa vijana wa Cleveland, Ohio, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Walimbuni Superman mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakamzungusha kwa wachapishaji waliomkataa mmoja baada ya mwingine, na hatimaye mwaka 1938 wakamuuza pamoja na haki zake zote kwa dola 130. Jarida lililomtambulisha, Action Comics namba 1 la Juni 1938, liliuzwa kwa senti 10. Mwaka 1975, filamu kubwa ikiwa inaandaliwa na malalamiko ya wazee hao wawili yakiwa yamefika magazetini, ndipo kampuni iliyommiliki Superman ilipokubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarudisha majina yao kama wabunifu. Inaniuma kila ninapoisoma habari hiyo. Kwa karibu miaka 40 umaarufu wa Superman haukuwapa hata waliomzaa fungu walilostahili.

Senti 10 ilikuwa bei ambayo mtoto wa Marekani angeweza kuipata kwa kufagia uwanja wa jirani. Mwaka 1940 Superman akaingia redioni, na redioni hakuna kiingilio: waliolipa walikuwa wadhamini kama Kellogg's, waliotaka watoto wale nafaka zao za asubuhi. Mwaka 1941 zikaja katuni fupi za akina Fleischer zilizoonyeshwa kabla ya filamu kuu. Mwaka 1948 Columbia ilitoa mfululizo wa sura 15 uliochezwa na Kirk Alyn, na kwa kuwa hapakuwa na fedha wala mbinu ya kumrusha mtu, kila alipotaka kupaa aligeuka mchoro wa katuni, kisha akatua akiwa mtu tena. Watoto walipiga makofi. Kuanzia 1952 hadi 1958 George Reeves akamcheza kwenye televisheni, sebuleni, bure. Kwa hiyo Superman alifika kwenye kilele cha umaarufu wake karibu bila kumdai mtu fedha ya maana.

Hapo ndipo filamu ya 1978 inapostahili kuangaliwa kwa makini. Alexander Salkind na mwanawe Ilya walipoinunua haki ya kumtengenezea Superman filamu, jina la shujaa halikutosha kuwapa usingizi. Walimwendea Marlon Brando na kumlipa dola milioni 3.7 pamoja na asilimia ya mapato, kwa dakika chache tu za kuonekana, kisha jina lake likatangulia mwanzoni mwa filamu. Gene Hackman akafuata. Christopher Reeve, kijana asiyejulikana ambaye ndiye hasa Superman, alikuja baada yao. Wafanyabiashara wenyewe, wakiwa na shujaa maarufu kuliko wote mkononi, walinunua umaarufu mwingine wa kumsindikiza.

Kilichojaza kumbi, kwa maoni yangu, ni kuruka. Mkurugenzi Richard Donner na mafundi wake katika studio za Pinewood, Uingereza, walihangaika kwa miezi mingi; walijaribu hata mwanasesere na kidege cha kuongozwa kwa rimoti, na vyote vikaonekana vilivyo, yaani mwanasesere na kidege. Ufumbuzi ulitoka kwa Zoran Perisic. Aliunganisha lenzi ya kamera na lenzi ya projekta iliyokuwa ikirusha picha ya mandhari nyuma ya mwigizaji, zikawa zinavuta na kusogeza kwa pamoja. Kamera ikivuta karibu, projekta inapunguza picha ya nyuma kwa kiasi kilekile. Mandhari inabaki na ukubwa wake na anayekua machoni mwa mtazamaji ni Reeve peke yake, aliyening'inizwa pale pale bila kusogea hata hatua. Jicho linaamini kwamba mtu anakuja kwake kwa kasi kutoka angani. Watazamaji waliokuwa wamemwona Kirk Alyn akigeuka mchoro walipewa kitu ambacho redio, jarida na televisheni havikuweza kuwapa. Filamu iligharimu takriban dola milioni 55 na kuingiza karibu milioni 300 duniani, wakati milioni 300 zilikuwa fedha nyingi kuliko zinavyosikika leo.

Yaliyofuata yanasomeka vizuri kwenye mapato ya Marekani peke yake. Filamu ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 134. Ya pili, 108. Ya tatu, mwaka 1983, karibu 60. Ya nne, mwaka 1987, haikufika hata 16. Ni shujaa yuleyule, mwigizaji yuleyule, muziki uleule wa John Williams. Umaarufu haukuwa umepungua hata chembe, maana hapakuwa na mtoto wa Marekani mwaka 1987 asiyeijua herufi S kifuani.

Ile ya nne ilitengenezwa na Cannon Films ya binamu wawili, Menahem Golan na Yoram Globus, waliokuwa wakiendesha filamu nyingi kwa wakati mmoja na fedha zikawaishia. Bajeti ikakatwa hadi karibu nusu ya iliyokusudiwa. Kuna onyesho ambalo Superman anatembea kuelekea makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York kwenda kuzungumzia silaha za nyuklia, hoja ambayo Reeve mwenyewe aliiamini na alishiriki kuibuni. Mahali palipopigwa picha hapakuwa New York. Ni uwanja wa mbele wa stesheni ya treni ya Milton Keynes, Uingereza, na umati wa New York ni watu wachache waliosambazwa ili wapajaze. Picha moja ya Superman akiruka kuelekea kamera inarudiwa tena na tena hadi mtazamaji anaizoea. Kile ambacho Perisic aliwapa watu mwaka 1978 kiliondolewa, na likabaki jina.

Batman, aliyezaliwa 1939, alipita njia hiyohiyo. Filamu ya Tim Burton ya 1989 iliingiza zaidi ya dola milioni 400 kwa sababu watu waliokuwa wamemzoea Batman wa mizaha wa televisheni ya miaka ya 1960 walionyeshwa mtu wa giza. Miaka minane baadaye Batman & Robin, iliyotengenezwa huku macho yakiwa kwenye mauzo ya midoli, ilipata takriban milioni 238 na mfululizo ukafungwa kwa miaka minane.

Sasa turudi kwenye mwaka 2006. Mtu anaweza kunipinga hapa: kama hamu ndiyo inayouza, miaka 19 ya kukosekana si ingeileta? Ingeileta, kama kweli angekuwa amekosekana. Lakini kati ya 1993 na 1997 Superman alikuwa kwenye televisheni katika Lois & Clark, na tangu 2001 kijana Clark Kent alikuwa akionekana karibu kila wiki katika Smallville, tamthilia iliyodumu misimu kumi hadi 2011. Aliyetaka Superman alikuwa naye nyumbani. Superman Returns, filamu ya Bryan Singer, ilimwalika kwenda kulipia kumbukumbu ya filamu ya Donner, kwa mwigizaji aliyechaguliwa kwa kufanana na Reeve. Wengi walikwenda, lakini si kwa idadi ya kulingana na gharama.

Wakati Warner ikilitegemea jina, kampuni ya Marvel ilikuwa ikijifunza kuishi bila majina makubwa, na ilijifunza kwa kulazimika. Ilifilisika Desemba 1996. Haki za filamu za mashujaa wake waliojulikana zaidi zilikwenda kwa wengine, Spider-Man kwa Sony na X-Men kwa Fox, na faida kubwa ya filamu zao ikaenda hukohuko. Mwaka 2005 Marvel ilikopa hadi dola milioni 525 kupitia Merrill Lynch ili itengeneze filamu zake yenyewe, na dhamana ilikuwa haki za filamu za wahusika kumi ambao wengi wao mtu wa kawaida hakuwajua, wakiwamo Ant-Man na Black Panther. Iron Man, wa mwaka 1963, alikuwa amepita mikononi mwa studio tatu zilizoshindwa kumtengenezea filamu. Marvel ilimrudisha nyumbani, ikamkabidhi kwa Robert Downey Jr., mwigizaji ambaye wengi waliogopa kumwajiri kwa historia yake ya dawa za kulevya, na filamu hiyo ya Mei 2008 ikapata takriban dola milioni 585. Mwaka 2014 Guardians of the Galaxy, ambamo mmoja wa mashujaa ni mti na mwingine ni rakuni mwenye bunduki, ilipita milioni 770. Hicho ni kiasi ambacho Man of Steel, filamu ya Superman ya mwaka mmoja kabla yake, haikukifikia.

Spider-Man huletwa kama ushahidi kwamba jina huuza, na ni kweli filamu yake ya 2002 ilikuwa ya kwanza kuvuka dola milioni 100 Marekani katika wikiendi moja ya ufunguzi. Lakini yeye alizaliwa mwaka 1962, na kesi za haki miliki zilimzuia kwa miaka mingi asipate filamu kubwa. Vizazi viwili vilikuwa vinangoja. Wonder Woman alingoja zaidi, tangu 1941 hadi 2017, kupata filamu yake mwenyewe ya sinema. Akaingiza takriban milioni 820.

Na Black Panther. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa mwaka 1966, na nje ya wasomaji wa katuni alibaki jina tu kwa nusu karne. Filamu ya Ryan Coogler ya Februari 2018 ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.3, na milioni 700 kati ya hizo zilitoka Marekani na Kanada. Watu hawakuwa na hamu ya T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, kwa jina lake, kwani wengi hawakuwa wamelisikia. Walikuwa na hamu ya kuwaona Waafrika wakiwa wafalme, mafundi na majemadari katika filamu ya gharama kama ile. Kenya ilipoizindua, onyesho lilifanyika Kisumu, kaunti ya nyumbani kwao Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, na baba wa Lupita, Gavana Anyang' Nyong'o, alikuwapo. Mji huo ulifanyiwa uzinduzi kabla ya miji mingi mikubwa kuliko wenyewe.

Huku kwetu kuna umaarufu mwingine ambao vitabu vya hesabu vya Hollywood haviuoni kabisa. Kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam na vibanda vya video vya Kenya, filamu za nje zilionwa kwa kanda, kisha DVD, zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake: Lufufu upande wa Tanzania, DJ Afro upande wa Kenya. Mtafsiri aliweza kumpa steringi jina jipya na utani wa mtaani, na kiingilio kilibaki kwa mwenye kibanda. Ingia soko lolote la nguo mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, uangalie mabegi ya watoto. Spider-Man yupo, mara nyingine rangi zimekosewa na utando umechorwa upande mmoja tu. Mtoto anayembeba mgongoni anamjua barabara, na pengine hajawahi kukanyaga ukumbi wa sinema.

Tangu 2021 Disney, mmiliki wa Marvel, imefanya kwa hiari kile ambacho redio na televisheni zilimfanyia Superman. Ilianza kuwatoa mashujaa wa Marvel mfululizo kwenye huduma yake ya intaneti, nyumbani, wiki kwa wiki. Captain Marvel alikuwa ameingiza zaidi ya dola bilioni 1.1 mwaka 2019. Filamu yake iliyofuata, The Marvels ya 2023, ilipata takriban milioni 206. Julai 2025 Warner ilimleta Superman mpya kwa mkono wa James Gunn, mkurugenzi yuleyule wa ule mti na rakuni, na akapita milioni 600, zaidi ya nusu yake ikitoka Marekani. Ni mapato mazuri, ingawa Aquaman, ambaye kwa miaka mingi Wamarekani walimfanyia mzaha, alivuka bilioni 1.1 kwa filamu yake ya mwaka 2018.

Kwa sheria ya Marekani, hakimiliki ya Action Comics namba 1 itafikia mwisho na kuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2034. Atakayeachiwa huru kwanza ni Superman wa 1938, ambaye alikuwa bado hajui kuruka angani. Alichupa tu juu ya majengo. Nguvu alizoongezewa baadaye zitafuata kila moja kwa mwaka wake. Batman wa kwanza atafuata 2035, na Wonder Woman 2037. Warner, iliyoshika majina hayo matatu kwa miongo mingi, ina miaka michache iliyobaki ya kuyauza ikiwa ndiyo mwenye duka pekee.