Barua, Ukoo na Lugha katika Kisiwa cha Robben, 1964–1982

Historia ya magereza ya kisiasa barani Afrika imeandikwa zaidi kwa kufuata kesi, hukumu na migomo. Barua za wafungwa hutajwa pia, lakini kwa kawaida hutumiwa kama kisima cha kuchotea habari za maisha ya mwandishi, kisha huachwa. Kwa msomi wa lugha barua hizo zina maswali yao wenyewe. Ni nani aliyeruhusiwa kuandikiwa? Kwa lugha gani? Na mtu aliyependwa alitajwa kwa jina lipi? Tutayaangalia maswali hayo katika Kisiwa cha Robben, karibu na mji wa Cape Town, ambako serikali ya Makaburu iliwafunga wapinzani wake wengi, na ambako Nelson Mandela alikaa tangu mwaka 1964 hadi alipohamishiwa gereza la Pollsmoor mwaka 1982.

Yafaa tuanze na kanuni. Wafungwa waligawanywa katika madaraja manne, tangu A hadi D, na wale wa kisiasa waliingizwa katika daraja la D, la chini kabisa. Mfungwa wa daraja hilo aliruhusiwa kuandika barua moja na kupokea barua moja kila miezi sita, nayo isizidi maneno 500. Yaani takriban nusu ya makala haya. Aliruhusiwa pia mgeni mmoja kila miezi sita, kwa muda wa dakika thelathini. Simu haikuwapo. Msiba ulipotokea nyumbani, habari ililetwa kwa telegramu.

Tena barua yenyewe ilipasa kwenda kwa jamaa wa karibu tu. Hapa ndipo lugha inapoingia, kwa kuwa “jamaa wa karibu” wa sheria ile walikuwa mke, watoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja. Kixhosa, kama Kiswahili, hakiwapangi watu hivyo. Mdogo wa baba huitwa tat’omncinci, yaani baba mdogo, nasi twaelewa mara moja kwamba huyo ni baba wala si mtu wa kando. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu. Aliyekulea ni mzazi, na Mandela mwenyewe, baada ya kufiwa na baba yake, alilelewa katika nyumba ya Jongintaba, mtawala aliyeshika kiti cha Wathembu kwa niaba ya mrithi. Kanuni ile basi ilipunguza idadi ya barua, na pamoja na hayo ilimtafsiria mfungwa ukoo wake kwa istilahi za Kizungu, kisha ikamnyima wote walioangukia nje ya tafsiri hiyo. Kwa maoni yetu hili ni jambo zito kuliko hata hesabu ya miezi sita, ingawa waandishi wengi wameipa hesabu uzito zaidi.

Ama katika maonano ya ana kwa ana amri ilikuwa wazi zaidi. Mfungwa na mgeni walikaa kila mmoja upande wake wa kioo kinene chenye matundu madogo, askari wakisimama nyuma yao, na mazungumzo yalipasa kufanywa kwa Kiingereza au Kiafrikana, na kuhusu mambo ya nyumbani tu. Lugha za Kiafrika zilipigwa marufuku. Baadaye viliwekwa vipaza sauti mbele ya kioo, na hicho ndicho kifaa kilichokaribia simu. Kwa amri hiyo mama wa kijijini Transkei, aliyemlea mwanawe kwa Kixhosa, hakuwa na lugha halali ya kumsemesha. Mama yake Mandela alifika kisiwani kumwona, akafariki mwaka 1968. Mwana aliomba ruhusa ya kwenda kumzika, akanyimwa. Mwaka uliofuata, mwezi Julai 1969, mwanawe wa kwanza, Thembi, alikufa katika ajali ya gari. Hapo pia ruhusa ya mazishi haikutolewa.

Wafungwa walijibuje? Walijibu kwa njia ambayo wasomaji wa jarida hili wataitambua, maana ni jamaa ya mafumbo yetu. Mandela ameeleza katika tawasifu yake, iliyotoka mwaka 1994, jinsi alivyozungumza na mkewe, Winnie, mbele ya askari. Alimwuliza hali ya Ngutyana. Ngutyana ni jina la ukoo wa Winnie mwenyewe. Kwa desturi ya Waxhosa mwanamke huendelea kuitwa kwa jina la ukoo wa babake hata baada ya kuolewa. Askari hawakulijua hilo. Winnie aliweza basi kueleza habari zake mwenyewe kana kwamba anamsema mtu mwingine, na askari alipouliza huyo ni nani, aliambiwa kuwa ni binamu. Habari za chama cha ANC kilichokuwa uhamishoni ziliulizwa kwa jina la “kanisa”. Viongozi wakawa “mapadre”, nao waliulizwa kama wana mahubiri mapya.

Fumbo la kanisa ni la kawaida. Kila gereza lina la kwake. La Ngutyana ndilo linalostahili kutuliwa. Halikubuniwa kwa ajili ya gereza. Lilikuwapo kabla ya gereza, jina la kila siku la heshima na mapenzi, na usiri wake ulitokana na ujinga wa msikilizaji tu. Serikali iliyokuwa imedhani ya kwamba kwa kuifukuza lugha imewafukuza pia waliomo ndani yake, ilikuta ukoo umeketi pale pale mbele ya kioo, ukizungumza Kiingereza.

Katika barua hali ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu barua husomwa polepole. Mwanzoni wakaguzi walifuta kwa wino mistari wasiyoitaka. Walipogundua kwamba wafungwa huuosha wino na kusoma kilichofichwa chini yake, waliacha wino wakashika wembe. Tangu hapo barua zilifika zikiwa zimekatwakatwa. Na kwa vile karatasi imeandikwa pande zote mbili, aya iliyokatwa upande mmoja iliondoka na aya isiyo na hatia upande wa pili. Mwanahistoria anayezisoma barua kama hizo hana budi kukumbuka kwamba mwandishi alikuwa na wasomaji wawili daima, na kwamba wa kwanza wao alikuwa na wembe mkononi. Hata hivyo majina hayakukatwa. Mandela alimwita mkewe Dade Wethu, neno lisilohitaji mkalimani kwa Mswahili: dada yetu. Naye alitia sahihi ya Madiba, jina la ukoo, au Dalibunga, jina alilopewa jandoni. Ndani ya bahasha iliyofunguliwa na serikali, watu walibaki wakiitana kama walivyoitana nyumbani.

Walioumia zaidi ni watoto. Kanuni haikuruhusu mtoto wa umri kati ya miaka miwili na kumi na sita kumwona mfungwa, hivyo kwa miaka mingi binti zake wawili wadogo walimjua baba kwa mwandiko. Winnie alipotiwa kizuizini mwezi Mei 1969, watoto hao walikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Kumi ni wa mkubwa, Zenani. Minane ni wa mdogo, Zindziswa. Baba aliwaandikia tarehe 23 Juni 1969 kuwaeleza kwamba sasa mama naye yuko gerezani. Yeyote atakayeisoma barua hiyo ataona jinsi sentensi zilivyo fupi na jinsi mwandishi anavyojizuia. Alikuwa akiwalea wanawe kwa karatasi, bila kujua kama karatasi itafika.

Hapa kwetu wakati ni ule ule. Abdilatif Abdalla alikuwa amefungwa kwa sababu ya waraka wake, “Kenya: Twendapi?”, wa mwaka 1968, naye alitunga gerezani mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Aliyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri. Wahakiki wameyasoma kama ushairi, na ni haki yao. Lakini yalikuwa pia barua zilizokosa posta: yalitoka kwa mtu aliyetengwa, yakapita mikononi mwa watu, yakafika kwa wasomaji waliojua kufumbua. Tofauti ni kwamba mshairi wa Mombasa alikwepa mkaguzi kabisa, na kwa hiyo aliweza kuandika kwa lugha yake kwa kina chote. Mwandishi wa Robben alipita mlango wa mbele, mbele ya macho ya mkaguzi.

Kupita mlango huo kulihitaji kumbukumbu. Mandela alipofahamu kwamba barua zake nyingi haziwafikii alioziandikia, alianza kuzinakili katika madaftari yenye majalada magumu kabla ya kuzikabidhi. Mwezi Julai 1976 alimwandikia Kamishna wa Magereza malalamiko marefu, na ukaguzi wa barua ulikuwa miongoni mwake. Madaftari mawili yalinyang’anywa mwaka 1971. Yalikaa mikononi mwa aliyewahi kuwa polisi wa usalama hadi mwaka 2004, alipomrudishia mwenyewe, Mandela akiwa amekwisha kuwa rais na kustaafu. Mwaka 2018 zilichapishwa katika kitabu kimoja barua 255 za kifungo chake, na baadhi yake ni zile ambazo nakala ya daftari ndiyo iliyoziokoa.